Fimbo ya Sentimita Themanini na Nane: Maisha ya Viateur Habarurema

Padri wetu, wakubwa wa kazi, wakristo, majirani wa Goma, wa Lac Vert na wa Sake, kabla hatujamrudisha ndugu yetu ardhini, familia imempa mdogo wake Donat, ndiye mimi, karatasi hii niwasomee, na jambo la kwanza lililoandikwa juu yake ni kuomba radhi, kwa sababu mmekuja msibani na hamkutandikiwa hata mkeka mmoja, mmesimama wote, wazee kwa vijana, na mama yetu mzazi amekalishwa kwenye kiti kilichopandishwa juu ya meza kama askofu. Si dharau, ni agizo la marehemu mwenyewe, kwamba siku ya kuzikwa kwake katika bonde hili mtu asikae chini, asipige magoti, na mtoto asishushwe mgongoni. Sababu yake mtaisikia mkivumilia kidogo, maana maisha yote ya ndugu yetu yamo ndani ya sababu hiyo.

Marehemu Viateur Habarurema alizaliwa Jomba, upande wa Rutshuru, tarehe 14 Machi 1917, mtoto wa pili wa mzee Védaste, mfugaji, na mama Nyiramahirwe, huyu mnayemwona juu ya meza, akabatizwa hukohuko akiwa na wiki mbili. Tumekubaliana katika familia kwamba jambo moja lisifichwe, kwa kuwa yeye mwenyewe hakulificha, nalo ni kwamba marehemu alikuwa mwoga, aliogopa radi, aliogopa ng'ombe aliyezaa, aliogopa barua yenye mhuri, aliogopa hata mlio wa viatu vya wakubwa kwenye sakafu ya saruji, na sisi wadogo zake tulimcheka sana kwa hilo, tukimwambia kwamba moyo wake uliumbwa siku ya Jumamosi jioni, Mungu akiwa tayari amechoka.

Lakini woga wake mmoja haukuwa wa kuchekwa, na tarehe yake tunaijua. Mwezi wa Julai 1926, wakati wa kiangazi, baba yetu alikuwa amehamisha ng'ombe wake kutafuta majani karibu na Sake, na asubuhi moja isiyo na upepo ng'ombe sita pamoja na mbwa wao waliteremka katika shimo la nyasi nzuri, wakalala, hawakuinuka tena, bila jeraha, bila povu mdomoni, na Viateur, mwenye miaka tisa, alikuwa juu ya jiwe akimwita mbwa kwa jina, akaona na ndege wadogo wamelala kando yao. Wenyeji wa Sake waliijua hewa ile na kuiita mazuku, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayotoka chini ya mawe ya volkeno na kulala mabondeni asubuhi zilizotulia, mpaka upepo wa ziwa uje kuifagia, lakini mzee Védaste alikuwa mgeni, na hakuuliza. Alisema ni sumu, akamnyooshea kidole jirani mmoja wa kabila la Wahunde, watu wakaichoma nyumba ya jirani yule, akakimbia na watoto wake, hatukusikia habari zake tena mpaka leo. Baba yetu alifariki mwaka 1948 bila kuomba msamaha, na marehemu ametuagiza tuuombe kwa niaba yake mbele yenu, ndivyo tunavyofanya.

Kuhusu masomo, marehemu alisoma shule ya msingi Jomba kuanzia mwaka 1927 mpaka 1933, akaendelea na shule ya wamoniteri, yaani walimu wa shule za msingi, akapata cheti chake mwezi wa Julai 1937, na mwezi wa Septemba mwaka huohuo akaletwa hapa Goma kufundisha hesabu na uandishi, kazi aliyoifanya miaka kumi na miwili kwa mwandiko ambao wengi wenu hapa mliuiga. Mwaka 1938, volkeno ilipomwaga moto mpaka ziwani, wanafunzi wake walikimbilia kuutazama, na mwalimu wao akakimbilia kanisani.

Tarehe 26 Julai 1941 alifunga ndoa takatifu na Béata Mukashyaka, binti wa Masisi, ambaye husema hata leo kwamba ni yeye aliyemsalimia kwanza, maana kama angengoja kusalimiwa angezeeka kwao. Mungu aliwajalia watoto watatu, Laurence aliyezaliwa tarehe 2 Novemba 1942, Damien aliyezaliwa tarehe 19 Agosti 1945, na Victoire aliyezaliwa tarehe 3 Aprili 1950, ambaye kaburi lake ni hili dogo la mawe meupe mnaloliona karibu na shimo la baba yake.

Tarehe 1 Februari 1950 marehemu aliingia kazi katika kituo kidogo cha utafiti kilichofunguliwa Himbi, kwa mapatano ya vyuo vikuu vitatu vya Ulaya, kimoja cha Ubelgiji, kimoja cha Italia na kimoja cha Uswisi, vilivyokubaliana kuchunguza hewa na maji ya nchi hii, kila kimoja kikaahidi kuleta vyombo vyake, na wakaandika pia kwamba mwana wa nchi afundishwe kazi hiyo mpaka aiweze mwenyewe. Wengi walidhani sharti hilo la mwisho litabaki kwenye karatasi, ila mmoja wa watafiti, Mademoazeli Henriette, daktari wa kemia kutoka Uswisi, alilichukua kama amri, akamfundisha marehemu kufunga hewa katika chupa kwa nta, kuandika saa na mahali, na kuzituma chupa kwa boti mpaka Bukavu, kwa lori mpaka Usumbura, na kwa ndege mpaka kwao, halafu majibu yakarudi baada ya wiki kumi, naye marehemu akayasubiri wiki hizo zote bila usingizi mzuri, akiogopa kwamba ameandika vibaya.

Kazi kubwa ya kituo ilikuwa kuchora ramani ya mazuku, ili ofisi ya viwanja ijue mahali pa kuwapa watu kujenga na mahali pa kuwakataza, na chombo chao kilikuwa taa ndogo yenye mkanda wa kuvaa shingoni, ikaning'inia kifuani, ikizimika pale penye hewa mbaya. Marehemu alitembea na taa hiyo miaka miwili na nusu, mashimo na mabonde mia moja na kumi na mawili, palipozimika akapaka rangi nyekundu, palipowaka akapaka kijani, na bonde hili tulilosimama alilipaka kijani kwa mkono wake mwenyewe, tarehe 20 Oktoba 1952. Ramani ikapelekwa Ulaya ikachapwa, ofisi ya viwanja ikakata hapa viwanja arobaini na sita, na kwa kuwa aliiamini kazi yake, marehemu akaomba kimoja, akahamia na familia yake tarehe 12 Aprili 1953.

Tunayosoma sasa ni mazito, tunaomba mtuvumilie. Tarehe 9 Juni 1953, siku ya Jumanne, kiangazi kimeanza na upepo haujaamka, mama Béata alikuwa akilima maharagi nyuma ya nyumba, mtoto Victoire akimfuata miguuni na kumuuliza mambo yake mengi, mama akimjibu bila kugeuka, kama mama yeyote mwenye jembe mkononi, na maswali yakaisha, mama akafikiri mtoto amechoka kusema. Alipogeuka alimkuta amelala kati ya mimea, akainama kumwinua, kichwa kikamzunguka, macho yakaingia giza, akamvuta kwa nguvu mpaka kwenye mtelemko, lakini mtoto alikuwa ameshakwenda. Mama Béata ametuomba tusome hivi hivi, tusipunguze.

Watu walijaa, na neno lililosikika kwanza lilikuwa lilelile la mwaka 1926, sumu, kwa sababu jana yake mama Kahambu, mfanyabiashara kutoka Butembo, jirani wa kiwanja cha pili, alikuwa amempa mtoto ndizi, na vijana wakaanza kuulizana mlango wake uko wapi, naye mama Kahambu amesimama kwenye kizingiti akirudia tu, "Nilimupa ndizi moja, bamama, ndizi moja tu." Marehemu alifika akikimbia kutoka Himbi na taa yake kifuani, akasimama mahali mtoto alipoanguka, na taa ikawaka vizuri, nasi tuliokuwepo tuliona uso wake ukibadilika, maana kwa taa ile ikiwaka, mama Kahambu alikuwa amekwisha. Akavua mkanda shingoni, akaishika taa kwa mkono, akaishusha taratibu, kiunoni ikawaka, pajani ikaanza kupepesuka, na ilipofika usawa wa kichwa cha mtoto ikazimika, hata moshi haukupanda.

Aliiwasha tena na kuishusha tena mara tatu mbele ya vijana wale, yeye aliyeogopa viatu vya watu, akawaambia kwa sauti ambayo hatukuwa tumewahi kuisikia, "Taa ilikuwa juu, mutoto ilikuwa chini. Hakuna mutu aliyemuua. Ni miye nilipaka hapa kijani." Vijana waliondoka mmoja mmoja, na mama Kahambu alimwosha mtoto pamoja na mama Béata.

Ndivyo kosa lilivyojulikana, wapendwa, kosa la watu wasomi walioshona mkanda kwa kifua cha mtu mzima, na la mwalimu mzuri aliyeuvaa kama alivyoonyeshwa, wala hakuna aliyekumbuka kwamba mtoto, mbuzi, na mama aliyeinama kwenye maharagi hawavuti hewa ya kifuani. Marehemu alimwendea mkuu wa kituo wa wakati ule akimwomba ramani isimamishwe, akajibiwa kwamba imeshachapwa, na kwamba, "Wewe kazi yako kusoma lampe, hapana kusoma sisi." Alirudi nyumbani, akakaa siku mbili bila kula, siku ya tatu akaandika barua kwa Mademoazeli Henriette, aliyekuwa likizo kwao, akaibeba mfukoni wiki nzima kabla ya kuitia posta, maana aliogopa kufukuzwa, na aliogopa zaidi kwamba ataaminiwa, kwa kuwa wakimwamini itabidi mabonde yote mia moja na kumi na mawili yapimwe upya.

Aliaminiwa. Mademoazeli Henriette alimjibu kwa ukali wake wa kawaida, kwamba pole amempa, ila neno magotini aliloliandika si kipimo, magoti ya nani, aandike sentimita, na kipimo kiwe kimoja kila mahali. Marehemu alisoma barua hiyo amesimama mlangoni, na kwenye mwimo wa mlango palikuwa na alama za makaa alizokuwa akiwachorea watoto kila sikukuu kuona wanavyokua, akachukua kipimo chake, akapima alama ya mwisho ya Victoire, ya Pentekoste ya mwaka 1953, ikawa sentimita themanini na nane. Alikata fimbo yenye urefu huo, akapigilia ndoano juu yake ya kutundika taa, na hicho ndicho kipimo kilichoandikwa baadaye katika kitabu kilichochapwa kule Uswisi, na tunaambiwa wataalamu kadhaa waliuliza kwa nini themanini na nane badala ya tisini, wakajibiwa kwamba ni urefu uliochaguliwa na mtafiti wa hapo mahali.

Kuanzia Septemba 1953 alirudia mashimo yote, safari hii kwa magoti, amejifunga kamba kiunoni, na aliyeshika ncha ya pili ni mimi, kwa hiyo ninayoyasema niliyaona. Kila alipoteremka alinigeukia aniangalie kama nimeshika kweli, kila alipopanda alitapika, midomo imekuwa ya bluu, na asubuhi iliyofuata alikuwa wa kwanza kuvaa, na siku nilipomuuliza kwa nini asimwachie mtu asiyeogopa, alinijibu kwamba asiyeogopa atasimama wima, na akisimama wima atapaka kijani tena. Mwezi wa Mei 1955 vyuo vile vitatu vilimwita Uswisi ajifunze kupima hewa mwenyewe hapahapa, ili chupa zisisafiri wiki kumi wakati watu wanavuta hewa kila siku, akapanda ndege amefumba macho, akakaa miezi mitano katika baridi, akarudi mwezi wa Oktoba na sanduku la vyombo, na karatasi iliyosema kwamba yeye si msaidizi tena, ni mtafiti mwenzao. Ramani ya pili ilitoka tarehe 8 Novemba 1956, juu yake majina mawili, la Mademoazeli na la kwake, na Mademoazeli alikuwa amekataa kutia sahihi mpaka la marehemu liwe la kwanza.

Katika ramani hiyo bonde hili ni jekundu. Marehemu aliipeleka katika ofisi ya viwanja, akaandika barua tisa, na tunazo nakala zake, akiomba familia arobaini na sita zihamishwe mpaka kwenye mgongo wa kilima, mwendo wa dakika ishirini tu, na jibu lilikuwa lilelile, kwamba ramani ya kwanza haijafutwa, na kwamba karani alikuja, akasimama, hakuona kitu. Watoto wengine wawili wamelala hapa tangu kifo cha Victoire, mmoja Julai 1956, mmoja Agosti mwaka jana, wazazi wao wako kati yetu, hatutawataja. Marehemu akabaki na njia moja tu, ya kupita asubuhi zote za kiangazi kati ya nyumba na fimbo yake, taa ikizimika akapiga kelele, "Beba mutoto!", na watoto wakubwa wakamcheka, wakampa jina la Papa Beba, wakimfuata njiani kwa kuliimba, naye alifurahi, akisema wakiimba anajua wanapumua.

Kuhusu ugonjwa wake, marehemu alianza kukohoa na kuvimba miguu mwezi wa Novemba 1957, akalazwa katika hospitali ya hapa Goma mara tatu, na waganga walimwambia mapafu yake na moyo wake vimechoka kwa hewa aliyoifuata miaka minane, wakamkataza kushuka mabondeni, akawaitikia kwa heshima, akashuka mpaka mwezi wa Juni. Alilazwa mara ya mwisho tarehe 3 Agosti 1958, akafariki tarehe 14 Agosti, siku ya Alhamisi, saa nne za asubuhi, mikononi mwa mke wake, upepo wa ziwa umeshaanza kuvuma, jambo ambalo aliliuliza kwanza. Aliogopa kufa, hatutawadanganya, alitushika mikono kwa nguvu, na alichokiogopa zaidi alikisema, kwamba nani atapita kesho asubuhi.

Ameacha mjane, watoto wawili, mama mzazi, wadogo watatu, na nyumba arobaini na tano zilizobaki ndani ya bonde.

Familia inawashukuru waganga na wauguzi waliomhudumia usiku na mchana, inamshukuru padri aliyempa sakramenti, inawashukuru wenzake wa kituo cha Himbi waliolibeba jeneza, na vyuo vikuu vile vitatu, ambavyo simu yao ya maandishi ya kutupa pole ilifika jana, na ndani yake Mademoazeli Henriette anasema vyombo vya marehemu visirudishwe Ulaya, vibaki hapa kwa yule atakayefundishwa baada yake. Inawashukuru majirani wote, na kwa namna ya pekee mama Kahambu, ambaye amepika kwa siku mbili na hakuruhusu mtu amsaidie. Inawashukuru wachimbaji, waliochimba jana mchana upepo ukivuma, wakipokezana, na leo hatashuka mtu kaburini, jeneza litateremshwa kwa kamba kutoka juu.

Tunamshukuru pia Bwana Paulin, karani wa ofisi ya viwanja, aliyeacha kazi zake kuja kutuzika, na anayesimama pale karibu na kaburi dogo. Msomaji wa karatasi hii anaogopa kusema yanayofuata, lakini yameandikwa na marehemu mwenyewe, na saa ya mazishi ameichagua yeye, saa tatu, kabla ya upepo. Bwana Paulin, kwa heshima yote, mama Béata anakuletea fimbo, na taa ambayo hajaigusa tangu tarehe 9 Juni 1953, marehemu anakuomba uisimike fimbo hapo miguuni pako, uitundike taa juu ya ndoano, urefu wake ni wa mtoto wa miaka mitatu, uitazame mwenyewe, na ukiona itakavyokuwa, uandike barua ya kumi wewe.

Tunangoja kidogo, kwa sababu kule nyuma namwona mtoto amesimama chini, na mwingine karibu na meza, tunaomba aliye karibu naye ambebe, hata kama si wake, na wewe mama mwenye kitenge cha njano, mpandishe huyo mpaka begani, asante, na yule wa mwisho, asante sana.

Bwana Paulin, unaweza kusimika. Na wewe, Papa Beba, watoto wote wako mikononi, hakuna hata mmoja aliye chini, leo pumzika kwa amani.